Kikombe cha Mtani

Kitanda cha kipindupindu hutobolewa katikati, na chini ya tundu huwekwa ndoo. Kazi yangu pale kambini Temeke ilikuwa ndoo hizo. Ukishaizoea klorini hunusi tena kitu. Hata wali wa nyumbani nilikuwa naula kama natafuna karatasi.

Gervas, seremala wa Keko, aliletwa pamoja na mkewe Rosalia. Mume hema la wanaume, mke hema la wanawake. Macho yamedidimia, alipapasa lile tundu la kitanda chake, akaninong'oneza:

"Shikamoo, bibi. Nani katoboa hapa? Msumeno wake butu."

"Marahaba. Kabila gani wewe, unakufa huku unakagua mbao?"

"Mnyamwezi."

"Ndiyo maana. Mie Mzaramo."

Basi tukawa watani, na mtani haoni haya kwa mtani wake, hata msibani.

Kesho yake akakataa maji ya chumvi na sukari. Nesi akanivuta pembeni: mshipa wa kuwekea dripu haupatikani, asipokunywa hafiki jioni. Nikamwendea na jagi.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka huku kwetu pwani. Wewe kikombe tu kinakuelemea?"

"Rosalia kanywa?"

Rosalia walikuwa wamemfunga kwenye mfuko asubuhi ile, bila ndugu kumwosha, kama ugonjwa ule unavyotaka. Ndoo yake ya mwisho niliimwaga mie. Sikutafuta maneno.

"Rosalia amekufa, Gervas."

Akanikazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu kisicho na sauti.

"Wazaramo nyie! Lete hicho kikombe, nisije nikafa ukanichezea ngoma."

Akanywa. Nikajaza. Akatapika, akanywa tena, na mie sikuongeza neno. Nje gari la kwenda makaburini likawashwa. Nililisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Wajukuu huniuliza kama nililia. Nilikwenda kumwaga ndoo.

Siku alipoweza kukaa, miguu chini, Gervas aliniita. Hakusema Mzaramo.

"Bibi. Lile ulilosema la mke wangu. Hebu niambie tena, bila utani."

Nesi alikuwa karibu, angeweza kusema yeye. Akainama kwenye dawa zake. Maneno hayakuwa na sura nyingine, nikayarudia yaleyale.