Dakika Nne za Shaabani

Costantine akilalamika, mimi humwacha alalamike. Ndiye mtangazaji wetu wa asubuhi hapa redioni Kilindoni, mtu wa bara, na kulalamika ndiyo staftahi yake. Kwa hiyo aliponiambia kwamba tukijiunga na Dar kwa taarifa ya habari tunakuta muziki bado unapigwa, nilimjibu kwamba watu wa Dar kuchelewa ni kawaida yao.

"Kila siku, Taufiki? Na kila siku wanazidi kuchelewa?"

Hapo nikainua kichwa.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta inayorusha vipindi. Ratiba ya adhana imo humo humo. Dakika ikifika, adhana inajirusha yenyewe bila mkono wa mtu. Saa ya kompyuta hiyo nayo hujirekebisha kwa kuzifuata seva za muda zilizoko mbali, kupitia intaneti. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika chronyc sources. Amri hiyo huzileta seva zote mstari kwa mstari: inayofuatwa ina kinyota, isiyofikika ina alama ya kuuliza. Sikuona kinyota hata kimoja. Tangu tubadilishe kampuni ya intaneti, kompyuta yetu ilikuwa inajiendea tu, haimfuati mtu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nikiihakiki. Kila magharibi, nikiwa nyumbani Kanga, nasikia redio na msikiti wetu vinaadhini pamoja, moyo unatulia. Nikampigia simu Mzee Muhidini, mwadhini wetu.

"Shikamoo, mzee. Hivi adhana ya magharibi unaangalia saa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Saa ya nini tena? Naiweka redio yenu dirishani. Ikianza, nami naanza."

Basi. Mimi nilikuwa nauamini msikiti, na msikiti unaniamini mimi. Nilitamani kucheka, lakini kicheko hakikuja.

Nikawapigia kampuni ya intaneti, na walipoifungua njia ya kufikia seva hizo waliyokuwa wameiziba, kinyota kikatokea. Nikaandika chronyc tracking ili nijue tumepotea kiasi gani. Kompyuta ilikuwa mbele kwa dakika nne. Nikairudisha mahali pake pale pale, na Costantine akashusha pumzi.

"Afadhali. Leo Ramadhani mosi, jioni watu wote wanatusikiliza sisi."

"Na jana?"

"Jana si ilikuwa bado Shaabani? Nani alifunga?"

Mke wangu alifunga.

Baba yake, Mzee Sudi, aliugua Ramadhani iliyopita akala siku kadhaa. Alipopata nafuu akawa anasema atazilipa akishamaliza kuangua nazi zake. Hakuwahi, mauti yalimtangulia. Umi, mwanawe wa pekee, akaamua kumlipia. Jioni za siku hizo alikaa kibarazani na redio ya marehemu, tende mkononi, na adhana ikianza husema, "Baba, hii yako." Nyingine zote alizifunga kabla hatujabadilisha kampuni ya intaneti; jana ilikuwa ya mwisho. Alisema vile vile, akala tende, kisha akalia sana. Nilidhani analia kwa kushukuru, nikamwacha. Usiku ule mwezi ukaandama.

Sasa najua kwamba alipokula ile tende jua lilikuwa halijazama.

"Tutangaze?" Costantine aliniuliza, na safari hii hakuwa akilalamika.

Kunyamaza kulinijia, sitaki kujifanya malaika. Umi hakukusudia, na Mungu anaijua nia yake. Nimvunje moyo kwa dakika nne? Ila nikafikiria kukaa naye kibarazani mwezi mzima, adhana inaanza, ananitazama, nami ninajua asilolijua yeye. Nisingeweza. Ninavyompenda, nimfiche hilo?

"Tangaza alasiri," nikasema. "Nipe nafasi nifike nyumbani kwanza."

Bodaboda ilinifikisha Kanga upesi kuliko nilivyotaka. Nilimkuta Umi uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanipotea, nikamweleza kama ilivyo.

Aliacha kukuna.

"Kwa hiyo ile ya jana siyo."

"Siyo. Itabidi uilipe Idi ikishapita. Nisamehe, Umi. Kompyuta ni yangu mimi."

Alijifuta mikono kwa upindo wa khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa najiandaa kwa kilio cha jana.

"Unajua jana nililia nini?"

"Kwa kuwa umemaliza."

"Ndiyo, nimemaliza. Tangu amezikwa, kila nikifunga nilikuwa najiona nina kazi yake mkononi. Jana nikaila ile tende, nikajiuliza, kesho nitamfanyia nini tena baba?"

Nikachuchumaa karibu naye, nikauondoa unyuzi wa kifuu uliomnasa kwenye nywele.

Umi akaichukua tena nazi yake, akaigeuza huku na huku akitafuta mahali alipoachia. Machoni alikuwa na machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Kumbe imebaki moja," akasema. "Na Idi ikipita, mume wangu, usije ukanihimiza."