Mwalimu Hafai, Kipa Kauza

Nani kakwambia wewe unajua mpira? Wewe, Mwinshehe, fundi cherehani, uliyemshonea mdogo wangu suruali ya harusi mguu mmoja ukapita mwenzake, leo unyayo umeuegesha juu ya pedeli na unapanga kikosi, namba tano asogee, namba sita akabe, winga arudi nyuma, na sindano imesimama katikati ya gauni la mtu tangu alipokaa hapa... natamani kumuuliza kwa sauti, ila kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti ya Pili, uso unatazama sakafu, khanga imenifunika mabega hadi masikio kwa ajili ya upepo huu unaoshuka mlimani, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu imesimama kama kichaka kilichonusurika moto, na mwanamke wa nusu kichwa hagombani na mtu, atainukaje, ataondokaje, kwa hiyo nasikiliza, na ninachoona ni miguu tu, kandambili za Mwinshehe zilizolika visigino, viatu vyeusi vya mzee Bartholomeo, karani mstaafu wa kiwanda, vinavyong'aa kama bado anawahi king'ora cha asubuhi, na raba nyeupe za mtumba za Idrisa muuza kanda, zimeandikwa jina la mji ambao hata akioneshwa kwenye ramani ataubishia. "Mwalimu hafai," anasema Mwinshehe, "kila siku nasema, yule si mwalimu wa Bondwa Stars, yule ni mwalimu wa kwenye karatasi." Mwalimu huyo ni mume wangu. Hawajui, walikuja nikiwa nimeshainama, kwao mimi ni kichwa kinachosukwa basi, Pili ndiye anajua, kila Castory akitajwa ananivuta nywele zaidi ya zinavyodai, sijui ndiyo pole yake au ndiyo kicheko chake. "Kocha bomu," anasema Idrisa, kisha anatema mate, tena shwaa, hatua moja kutoka vidole vyangu, na mate yanakaa pale juu ya saruji yakinitazama, kwa nini mwanamume wa Kitanzania hawezi kutoa maoni bila kuyasindikiza kwa mate, tulipokuwa shuleni Kilakala matron alituambia msichana anayetema mate hadharani hataolewa, nikajizuia miaka yote, nikaolewa, na matokeo yake ndiyo haya, nimekaa kwenye mkeka nasikiliza wanaume wanamjadili mume wangu kama wanachagua mbuzi wa sikukuu.

"Hapana, hapana, nikatalieni," mzee Bartholomeo anaanza, huyu ana sauti ya mtu aliyesoma matangazo kanisani kwa muda mrefu, "mwalimu anafaa, mwalimu kasoma Ujerumani," na Mwinshehe anamkata, "Ujerumani ipi mzee, ile iliyokufa?" wanacheka, na linaloniudhi ni kwamba hata mimi nimelisema hilo, kwa maneno mazuri zaidi, mezani, mbele ya wageni, kwamba Castory alikwenda kusomea mpira Ujerumani Mashariki, akamaliza cheti, na nchi nayo ikamaliza kuwepo, wageni walicheka, na yeye akacheka, alirudi na sanduku la mbao lenye mipira na filimbi na daftari la mazoezi ya kukimbia, mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu Mlimani, tumechoka na wavulana wanaonukuu vitabu wasivyovifungua, na akatokea mtu anayesema sijui. Ukimuuliza kitu asichokijua anasema sijui. Nilidhani nimeokota almasi njiani. Nikaja naye Morogoro, mimi nikafundisha uchumi wa kilimo chuoni, yeye timu ya kiwanda, tukapewa nyumba kwenye kota za kiwanda, ina mpera na bomba linalotoa maji ya mlimani baridi hadi meno yanauma, nami nikajua hapa ndipo... "lete kichwa," anasema Pili, anakigeuza kama tikiti sokoni, sasa shavu liko kwenye goti lake lenye harufu ya vitunguu.

Kisha kiwanda kikauzwa, ruksa, kila kitu ruksa, ruksa kuuza, ruksa kuleta, ruksa kufunga, chuoni tulikaa kwenye semina tukisema ufanisi na ushindani, mimi mwenyewe nilichora mchoro ubaoni, mistari miwili inakatana vizuri, na huku nyuma watu wakapunguzwa idara nzima, mashine zikapakiwa kwenye malori, kilichobaki ni geti, mlinzi na timu ya mpira, maana mwekezaji anapenda mpira, au anapenda kukaa jukwaani chini ya mwavuli. Alikuja nyumbani, nyumbani kwetu, akakaa kwenye kochi langu na miwani ya jua usoni, akamwambia Castory timu lazima ijiendeshe, ukifungwa tena hapa nyumbani, mwalimu, namleta Mbulgaria, na Mbulgaria anahitaji nyumba, akasema hivyo huku akitazama dari letu, kama mtu anayepima mapazia. Jumamosi tukafungwa nyumbani. Leo jioni kuna mkutano wa wanachama, na mwekezaji kasema wanachama waamue, demokrasia, nayo ni ruksa, na ndiyo maana hawa watatu wanajinoa ndimi hapa barazani kwa Pili, kura zao tatu, moja inasema mwalimu hafai, moja inasema mwalimu anafaa ila kipa kauza mechi, na ya Idrisa inakwenda kwa anayecheka zaidi.

"Kipa kauza," mzee Bartholomeo anagonga kiatu chini, "Mosi kauza mechi ile mchana kweupe, jamani mpira ule hata bibi yangu angeudaka, mpira wa kumrushia mtoto, umemfika mikononi, mikononi kabisa, halafu ukatoka kama sabuni, ukaingia wavuni pole pole, unaomba radhi." Hapo kasema kweli, niliuona, nilikuwa jukwaani, Mosi aliukumbatia na mpira ukamponyoka, akabaki anatazama viganja vyake kama si vyake, hakutazama wavu, hakumtazama refa, alitazama viganja. "Jana tumemfuata alikopanga," anasema Idrisa, "mshikaji kashtuka mapema, karukia lori la kabichi, karudi Mgeta kwa mama yake, ila atashuka tu, na akishuka, vijana wanamsubiri stendi, noma." Wanamsubiri na nini, nauliza kimoyomoyo, na Mwinshehe, kana kwamba kanisikia, anasema, "Wamvunje tu hivyo vidole, si havidaki?" na wanacheka tena, mzee Bartholomeo naye anacheka, msoma matangazo, na kijana aliyekuja kwangu sebuleni akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo mama, akala ugali kwa adabu mpaka nikamwonea huruma, leo anazungumziwa vidole vyake kama kuni.

"Lakini lawama ni ya mwalimu," Mwinshehe anarudi palepale, ndimi za namna hii hazichoki, "dawa si aliletewa? Idrisa, sema, si ulimpelekea?" na Idrisa anavuta pumzi, hii ndiyo dakika yake, "Nilimpelekea mwenyewe, kamati ya ufundi ilinituma," kamati ya ufundi! jina safi kama la wizara, kumbe ni wazee wanaokwenda kwa waganga, watu wanaoirusha timu ukutani wakati geti liko wazi, eti geti lina mambo, nimeona kwa macho yangu wanaume wazima, wenye ndoa, wanaparamia ukuta wa uwanja na soksi mdomoni, na Castory peke yake anapita getini, anamsalimia mlinzi, anaingia, nilimpenda upya siku ile. "Nikaenda mpaka kule juu ya Mkuyuni, kwa yule mzee wa Matombo, akanipa mafuta ya kondoo yamesomewa, kwenye kikopo, akasema hii ni ya kukataa mpira, ipakwe milingotini, kila mpira ukija utakataliwa, utageuka, kwao." "Umeona!" anasema Mwinshehe. "Sasa milingoti ikawa inalindwa, wale wageni walilala pale, walishika milingoti kama wake zao, wa kusogea bila kushukiwa ni mwalimu tu, nikampelekea Ijumaa, akaniambia ondoa takataka zako hapa. Nikakiacha kikopo dirishani, nikaondoka." "Na akakitupa," anasema Mwinshehe, "kakitupa kwa usomi wake, na sisi tumefungwa, halafu mzee wangu unaniambia anafaa!"

Aibu ya kuwa na akili ni kwamba haiombi ruhusa, inafanya kazi tu. Dirishani. Ijumaa. Taulo. Jumapili nilifua taulo la Castory na maji yakakataa kuingia, yalisimama juu yake vidonge vidonge, nikalinusa, kondoo, nikamuuliza akasema goti, nimelichua goti, na goti lile halijamsumbua tangu tuzae Yuliana, nikasema pole, nikaongeza sabuni, mimi mwenye digrii mbili nikaongeza sabuni... na tangu Jumamosi hajasema sijui hata mara moja, hajasema chochote, anakaa chini ya mpera anatazama mlima, nikadhani ni uchungu wa kufungwa. Mpira uliponyoka kama sabuni. Mosi alitazama viganja. Ee Mungu wangu, glavu. Hakukitupa kikopo. Alikichukua, mtu wangu wa getini, akashindwa kuifikia milingoti, na badala ya kurudi nyumbani na akili zake akaona glavu za kipa zimelala kwenye benchi, akapaka, dawa ya kukataa mpira, akaipaka kwenye mikono ya mtu ambaye kazi yake duniani ni kuupokea, na dawa, kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati ya ufundi, ikafanya kazi. Ningecheka. Ningekuwa nasimuliwa habari za mume wa mtu ningecheka mpaka Pili aache kusuka. Lakini ni wangu, ndiye niliyewaringia nao walimu wenzangu, wa kwangu haendi kwa waganga, wa kwangu anatumia chaki na koni, na nilivyokuwa nawadharau hawa watatu kwa mate yao na kandambili zao, kumbe angalau wao uchafu wao wameuanika barazani, wetu tumeufua, tumeuanika kwenye kamba, tumeukunja, tumeuweka kabatini. "Dada, umekaza shingo," anasema Pili, "nimekuumiza?" Hapana, namwambia. Baridi.

Halafu baraza linanyamaza, kwa namna ile ambayo watu hunyamaza aliyesengenywa anapotokea, na Idrisa, huyohuyo wa kocha bomu, anasimama hadi raba zinalia, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba," na sauti ni ya Castory, naona suruali yake ya michezo yenye mstari ulioanza kuchubuka, naona viatu vyake, vina udongo mwekundu, udongo wa mlimani, amekwenda wapi, udongo ule si wa kota, ule ni wa njia ya Mgeta. "Karibu mwalimu, karibu sana," Mwinshehe anavuta kigoda, cherehani kimeanza kwenda, trrr, ghafla ana kazi nyingi, "tulikuwa tunakutaja kwa wema." Pili amesimamisha vidole. Miguu ya Castory imegeuka upande wangu, ameziona ndala zangu, amenijua. "Mwalimu wangu," anasema mzee Bartholomeo, na sauti yake imejaa upendo wa kweli, hilo ndilo baya zaidi, ni upendo, "usiwe na wasiwasi na mkutano, sisi wazee tumeshaongea, kura zipo, tutasema kosa si lako, kijana kauza mechi, wewe ukiulizwa itikia tu, sema ulimshuku, basi, nyumba yako iko palepale." Mlango umefunguliwa mpana hivyo, hata kuparamia hahitaji. Na mimi, ninayechukia unafiki kuliko mate, mimi niliyewasahihisha mabwana wakubwa kwenye semina kwa koma na takwimu, nagundua chini ya khanga kwamba nimefumba macho na ninaomba, itikia, Castory, sema ndiyo, kijana atakaa kwao mpaka mvua za masika, watasahau, watu husahau, Yuliana yuko shule, mpera umeanza kuzaa, sema ulimshuku, neno moja, nami sitauliza, nitafua na kunyamaza, na kichefuchefu nilichokuwa nacho kwa watu wote wa baraza hili kinageuka taratibu kama mtu aliyeitwa jina, kinanitazama mimi, kwa hiyo hivi ndivyo inavyokuwa, hivi ndivyo mtu msomi anavyoparamia ukuta, soksi mdomoni, na geti liko wazi... hakuna anayetema mate, vidole vya Pili bado vimeshika fungu la nywele zangu hewani, na Castory, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani, anasema, "Mosi hajauza kitu, mzee wangu. Natoka kwao sasa hivi, nimemwambia mama yake, na jioni nitawaambia wote. Zile glavu nilizipaka mimi."