Oili Itarudi kwa Njia Gani

1.

Moshi.

Wa bluu, wa kuudhi, unaotoka nyuma ya gari la wagonjwa la zahanati. Fundi Tusekile alilifungia turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kwa mikono yake juma lililopita. Sasa gari limerudishwa gereji likikohoa, na mgonjwa aliyekuwa ndani ameishia nusu ya mlima, akarudishwa.

2. TANGAZO
(limebandikwa mlangoni mwa zahanati)

Wananchi wote mnaarifiwa kuwa gari la wagonjwa halitatoa huduma hadi litakapothibitishwa kuweza kupanda mlima Nyalumbu pasipo kuzimika. Bi. Anyesi Ngogo, aliyepangiwa upasuaji hospitali ya rufaa siku ya Alhamisi, atasafirishwa iwapo matengenezo yatakamilika. Nafasi hiyo ikipotea, inayofuata ni baada ya miezi minne. Tunaomba radhi kwa usumbufu wo

(Hapo mvua imekula karatasi.)

3.

Miezi minne! Bi. Anyesi hana miezi minne. Daktari hakutamka hivyo. Alisema tu, "Tusichelewe," akatazama chini, na wewe msomaji unajua maana ya daktari kutazama chini.

Bi. Anyesi ni mke wa Mzee Ngogo, mwenye gereji, yule aliyemfundisha Tusekile kazi tangu hajui kutofautisha spana namba kumi na namba kumi na mbili. Miaka tisa Tusekile anakula ugali wa mama huyu. Anampenda, basi.

4. Yaliyosikika gerejini, Jumatatu

— Sili zimekufa hizo.

— Turbo za mtumba ndivyo zilivyo, ndugu yangu.

— Mwanamke na injini, wapi na wapi?

— We! Gia yako nani aliifunga mwaka jana, shangazi yako?

5.

Injini ile haikuzaliwa na turbo, na mlima ulikuwa unaishinda. Ndiyo maana Mzee na Tusekile wakaipachika turbo ya lori lililokufa. Turbo inazunguka kwa kasi ya kutisha, na kitu pekee kinachoizuia isijichome ni oili. Kwa juu, pampu ya injini inaisukuma oili iingie. Kwa chini hakuna wa kuisukuma. Inashuka kwa uzito wake tu, irudi kwenye sampu, lile karai la oili lililoko chini ya injini.

Kwa hiyo kwa njia ya kuingilia, bomba jembamba latosha. Ya kutokea

6.

Ya kutokea na ya kuingilia alizichagua Mzee Ngogo.

"Oili ni damu," alisema. "Usiibanie." Akaweka juu bomba nene kama dole gumba.

"Sampu ya mtu haitobolewi. Miaka arobaini sijatoboa sampu." Basi njia ya kurudi akaiunganisha kwenye tundu la kumwagia oili, chini kabisa ya sampu, kwa mpira mwembamba kama penseli, maana tundu lenyewe ndivyo lilivyo.

Tusekile aliona. Moyo ukamwambia si sawa, lakini mdomo ukasema, "Ndiyo, Mzee."

7. Vitu alivyobadilisha Tusekile, Jumatatu na Jumanne

Turbo (ya pili hii).
Sili, zile pete za kuzuia oili isipenye.
Gasketi mbili, moja ikapasuka akalia kidogo.
Chujio la oili.
Sala.

Asichogusa: kazi ya Mzee.

Moshi: uleule.

8.

Jumatano. Mzee yuko nyumbani, ameketi kando ya kitanda cha mkewe. Tusekile anazunguka gari mara ya ishirini, hatulii. Mara anachomoa ule mpira wa kurudishia, anaziba tundu la sampu, anauelekeza mpira kwenye ndoo.

"Washa, Mwakalobo!"

Dereva Mwakalobo anawasha. Oili inachuruzika ndooni. Moshi unapungua, unapungua...

Hakuna.

"Mungu wangu," anasema dereva. "Umefanyaje?"

"Nimeipa pa kwenda."

9. (Oili, kama ingeulizwa)

mmeniingiza kwa mlango mpana
mkanitoa kwa tundu la penseli
tena ndani ya dimbwi lililokwisha kujaa
niende wapi, enyi watu?
nikarudi juu
nikapita penye sili
nikaungua
mkaniita moshi

10.

"Mwambie mzee wako," Mwakalobo akasema.

"Nimwambie nini? Mke wake yuko kitandani, nami nimwambie kazi yako ndiyo"

Hakumalizia. Alikwisha kulala chini ya gari, anafungua nati za sampu.

Akaitoboa.

Tundu la kuingiza vidole viwili, juu ya usawa wa oili. Akachomelea mdomo wa bomba, akavuta mpira mnene kutoka turbo moja kwa moja hadi chini, bila kona, bila tumbo. Juu akaweka kijibomba chembamba.

11.

Jioni Mzee akaja. Akainama. Akaona.

"Umetoboa."

"Nimetoboa, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaigonga sampu kwa kidole. "Nani kakuambia?"

"Ndoo."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akiupapasa ule mpira mpya, kutoka juu hadi chini, kisha tena.

"Basi yule mgonjwa aliyerudishwa nusu ya mlima," akasema polepole, "ni mimi niliyemrudisha."

"Ni sisi. Mimi niliona, nikanyamaza."

Mzee akageuka upande. Tusekile akatamani ardhi ipasuke.

12.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Bi. Anyesi amelazwa nyuma ya gari.

Gereji ile ina desturi yake: kazi ikiisha, mwenye kazi anaandika jina lake kwa chaki ndani ya boneti. Gari likiharibika njiani, watu wajue pa kuulizia. Ndani ya boneti hii pameandikwa NGOGO.

Mzee analifuta kwa kiganja. Anamkabidhi Tusekile chaki.

"Andika lisomeke."

Kutoka nyuma, sauti dhaifu lakini kali: "Mnaandika barua huko? Twendeni, jamani!"

13. KUMBUKUMBU YA SAFARI
(fomu ya zahanati, imejazwa na dereva)

Muda wa kuondoka: 12:20 asubuhi.
Waliomo: mgonjwa, mumewe, fundi.
Hali ya gari: nzuri mpaka sasa.
Muda wa kufika:

14.

Kona ya kwanza. Safi.

Kona ya pili. Safi.

Ya tatu ndiyo iliyoishinda kazi ya Mzee. Mwakalobo anarudisha gia, injini inanguruma, gari zima linatetemeka. Tusekile amekaa mbele, amegandisha macho kwenye kioo cha pembeni, anatafuta moshi.

Nyuma, Mzee Ngogo ameushika mkono wa mkewe. Kwa miaka tisa hajawahi kumuuliza Tusekile swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

"Tusekile," anaita. "Unaona nini, mwanangu?"

Vumbi limepanda, limeficha barabara yote, na moshi kama upo.

"Ngoja, Baba," anasema. "Ngoja nione."