Mkanda Ukisimama

Kompyuta iliikataa picha ya kumi na tisa, na Loretta Pruitt akaanza kuyatilia shaka macho yake. Maneno yalitokea kwa rangi nyekundu, yaleyale: HAIKO WAZI. Alisogeza taa, akafuta lenzi kwa mara ya nne, akapiga tena. Haiko wazi.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu ghala la Toledo alikofanyia kazi lihamishie studio yake juu, kwenye sakafu ya chuma iliyojengwa juu ya mkanda wa kupitishia maboksi. Kule chini nafasi ilitakiwa kwa bidhaa. Miaka ishirini na sita alikuwa amepiga picha za wanafunzi, watoto wasiotulia hata kidogo, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Leo alikuwa anashindwa na kitu kisichopumua.

Bidhaa za siku hiyo zilikuwa vinzi vya manyoya, nzi bandia wadogo wa kuvulia, vile vinavyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ili samaki wa mtoni adhani ni mdudu kweli. Vilikuwa mia mbili, na kikubwa chao hakikuzidi kucha ya kidole kidogo. Bidhaa za wiki zilizopita zilikuwa kubwa, na picha zake zilipita bila shida. Asubuhi Trent, msimamizi aliyelingana umri na kitinda mimba wake, alimwambia kwamba zisipopita picha mia moja kwa ajili ya duka la mtandaoni kufikia saa kumi na moja, jina lake litarudishwa kwa kampuni ya vibarua iliyomleta. Kamera ni mpya, alisema, kwa hiyo ubovu hauko kwenye kamera. Akaitazama miwani ya Loretta. Kampuni ya vibarua haina haraka na jina la mwanamke wa miaka hamsini na nane, na Loretta alilijua hilo vizuri.

Saa sita na nusu kengele ya chakula ililia, mkanda ukazimwa. Loretta hakushuka. Mkono mmoja ulishika mkate, wa pili ukabofya kamera kwa hasira tu. Kompyuta ikaandika kwa kijani: IMEPITA.

Aliweka mkate chini. Aliikuza picha mpaka ikajaa kioo, na hapo njaa ikamtoka. Kumbe kila unyoya ulikuwa na matawi, na kila tawi na vijitawi vyake. Uzi ulizunguka mgongo wa yule mdudu mzunguko kando ya mzunguko, bila hata mmoja kupanda juu ya mwenzake. Shingoni palikuwa na tone la gundi, na ndani ya tone ilionekana taa yake mwenyewe, ndogo kabisa. Kuna mtu mahali fulani aliyefanya haya yote kwa vidole. Loretta alistaajabu mpaka akaona haya, maana asubuhi nzima alikuwa anavitukana.

Alipiga nyingine ishirini, zote zikapita. Kisha kengele ikalia tena, mkanda ukawashwa, na kahawa kwenye kikombe chake ikaanza kutetemeka. Aliitazama ile kahawa kwa muda, halafu akashuka ngazi kumtafuta Trent.

"Si macho, bosi. Sakafu inatetemeka. Nirudishe chini, au mkanda uwe unasimama kidogo."

"Mkanda usimame kwa ajili ya picha?" Trent alicheka. "Mama, piga wakati wa chakula."

"Wakati wa chakula silipwi."

"Basi usipige."

Bao Xiong, ambaye kwa miaka minane alikuwa akisimama chini ya ngazi zile akipanga maboksi, alisikia yote. Trent alipoondoka aliuliza jambo moja tu.

"Ukipata dakika tatu unapiga ngapi?"

"Nikiwa nimevipanga tayari, nane."

Bao akarudi kwenye maboksi yake. Loretta akapanda, akavipanga vinzi bila kujua anavipangia nini.

Saa saba na dakika ishirini mkanda ukasimama. Mtu alisema boksi limekwama karibu na lango la pili. Loretta alipiga nane. Baadaye likakwama lingine, mbali kule kwenye mizani, kisha lingine mahali pengine, kwenye sehemu ya mtu mwingine, hata Trent asipate jina la kuandika kwenye ripoti. Fundi aliitwa, akafungua vifuniko, akasema mashine ni nzima. Mara moja Loretta alichungulia chini. Watu zaidi ya thelathini, wengi wao hakujua hata majina yao, na hakuna aliyeinua uso. Machozi yalimlenga, akayafuta upesi kwa sababu alihitaji kuona.

Saa kumi na moja Trent alihesabu mia moja na tano.

"Si unaona? Kumbe ukitaka unaweza," alisema. "Kesho zipite zote mia mbili."

Loretta alimkuta Bao mlangoni akivua glavu, akamwambia hilo.

"Mia mbili?" Bao alizikunja glavu taratibu, akazitia mfukoni. "Basi kesho huu mkanda utaumwa kweli."