Mshono wa Bure

Dalali wa mahakama alianza na kitanda. Alilibonyeza godoro kama mtu anayetaka kulinunua, kisha akaliacha. Sufuria nazo akazipita. "Hivi sheria hainiruhusu kuvigusa," alisema kwa upole wa kuudhi.

Lukman akashusha pumzi. Deni alilikubali: khaki aliyoikopa kwa tajiri wa vitambaa ili ashone sare za shule ilikuwa imemdodea tangu mitumba ilipofurika sokoni Mirongo na wateja wakamkimbia. Lakini karani mmoja wa mahakama alikuwa amemnong'oneza kwamba cherehani ambayo fundi anajipatia riziki kwayo haikamatwi, na neno hilo ndilo lililomtia usingizi wiki nzima.

"Na hii ni ya kazi," alisema, mkono juu ya cherehani.

Dalali, kijana aliyeitwa Venant, akatabasamu. "Mzee wangu, nilikuwepo mahakamani. Ulipoomba ulipe kidogo kidogo, ulimwambia hakimu huna kazi tena."

Ni kweli alisema. Alisema ili ahurumiwe, na huruma yenyewe hakuipata. Aibu ikamwasha masikio. Maulida, mkewe, akadakia, "Kazi imepungua, haijaisha. Mpe chochote akushonee, ujionee mwenyewe."

Venant akavua koti lake lililofumuka kwapani. "Haya. Tuone huo ufundi."

Majirani wakajaa dirishani. Lukman akaketi, akatunga uzi, akakanyaga pedeli. Tuseme ukweli, kwa kitambo hicho alifurahi; aliwasahau hata wabebaji wawili waliosubiri mlangoni. Mshono ukatoka umenyooka. Venant akalivaa koti, akainua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Mikono unayo," alisema. "Nikupe shilingi ngapi?"

Moyo wa Lukman ukatulia. Alijiona ameshapona, na mtu aliyekuponya unamtozaje? Isitoshe, tangu utoto wake hakuwahi kuona mgeni akidaiwa ndani ya nyumba ya watu. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Hapana, bwana. Hiyo ni bure."

Maulida akafumba macho.

"Bure," Venant alirudia, akiwageukia watu wa dirishani. "Mmesikia wenyewe. Kazi ya bure haimpi mtu riziki, mzee wangu. Umenifanyia hisani, nami nashukuru." Akawaashiria wabebaji. "Bebeni."

Cherehani ikapitishwa mlangoni miguu juu. Maulida akaokota vipande vya uzi vilivyobaki sakafuni. Lau angemtukana, Lukman angeona nafuu.

Watu walikuwa wameshatawanyika Paskazia, jirani wa nyumba ya pili, alipoingia akihema. Alikuwa ameondoka dirishani katikati ya ushonaji, mwisho wake hakuuona. Mkononi alishika sketi ya shule ya bintiye.

"Fundi, nimekuona umerudi kwenye mashine, nikakimbilia hii nyumbani. Utanitoza ngapi?"

"Mia tatu," Lukman alijibu upesi, akanyoosha mkono kuipokea.