Picha ya Thelathini na Sita

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, tusitafutane. Maisha yamenipiga mara nyingi, nimeibiwa kamera mbili na mke mmoja, lakini siku ile hakuna aliyenipiga. Nilijikwaa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu arobaini.

Ulikuwa mwaka wa tano wa vita. Nilikuwa na studio ya picha mjini Gitega, chumba kimoja chenye pazia la maua, na pazia lile lilikuwa limenichosha. Kila aliyesimama mbele yake alikakamaa kama anasubiri sindano. Nikajitangazia mtindo mpya: harusi naipiga inavyokwenda, simpangi mtu, simwambii mtu acheke. Swabra aliponiita Muyinga kwa harusi yake na Faridi, muuza vitenge, nilikwenda siku moja kabla niwaeleze watakachopata.

"Msitegemee watu kupangwa mistari," niliwaambia. "Mtaona shangazi akisinzia. Mtaona bwana harusi akijifuta jasho kabla ya kuitikia. Mtajiona mlivyokuwa, si mlivyojipanga."

Faridi akacheka. "Kumbe tumekuita utuaibishe!"

Swabra hakucheka. "Sawa, kaka Akilimali. Ila moja nataka ya kupangwa. Sisi wote wa nyumba hii ukutani, na kaka yangu Zuberi katikati, uso wake uonekane."

Akanieleza sababu. Mama yao, Bi Mwajuma, alikuwa kambini Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, tangu vita vianze. Mwaka juzi Zuberi alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, na habari iliyovuka mpaka ilisema ameuawa. Aliachiwa baada ya miezi mitatu, lakini huko kambini mama alikuwa ameshamwekea matanga. Wakamwandikia barua. Bi Mwajuma hasomi. Aliposomewa alisema watu wanamfariji tu. Sasa alikuwa halali, na uji alikuwa anaurudisha kama ulivyoletwa.

"Maneno ameyakataa," Swabra alisema. "Labda ataamini macho yake."

Mtu mwenye busara angemsimamisha Zuberi ukutani papo hapo. Mimi, niliyepewa jina lenye akili ndani yake, nikajibu: "Dada, usiwe na wasiwasi. Ataingia kwenye picha mwenyewe, tena itapendeza zaidi."

Nilikuwa na filimu moja tu, picha thelathini na sita. Vikwazo vya biashara vilikuwa vimeibana nchi, na hata hiyo moja niliipata kwa bahati. Ijumaa baada ya swala ndoa ikafungwa sebuleni kwa wanaume. Nikapiga jasho la Faridi. Nikapiga viatu vilivyorundikana mlangoni. Nikampiga baba mdogo wa bibi harusi, fundi cherehani, akimshika Faridi mkono huku jicho lake likikagua mshono wa kanzu ya mkwe.

Upande wa wanawake mwanamume haingii, kwa hiyo kamera nilimpitishia shangazi yao Zuena chini ya pazia la mlango, nikamwonyesha pa kubonyeza. Iliporudi, kidirisha cha kuhesabia kilikuwa kimeruka kutoka kumi na mbili hadi ishirini na tisa.

"Shangazi! Umepiga nini chote hicho?"

"Si ulisema tusipange? Nimeacha mambo yaende."

Kabla bibi harusi hajatolewa kwenda kwa mumewe, risasi zikalia nyuma ya kilima. Gari la wanajeshi likapita na kipaza sauti: kila mtu abaki alipo. Baba mdogo akafunga lango, akaweka komeo, kisha akaegemeza na cherehani yake ya chuma.

Tukabaki tulipo, watu arobaini ndani ya vyumba vitatu. Wanaume tulilala tumepangana sebuleni kama sabuni kwenye katoni. Pilau la harusi tulilila Ijumaa kwa furaha, Jumamosi kwa adabu, na Jumapili asubuhi tukagawana ukoko. Foleni ya choo ilizunguka ua. Madirisha yalifungwa, joto likatukaa kifuani, na kila risasi ilipolia mazungumzo yalikatika, halafu hakuna aliyekumbuka yalikuwa yanahusu nini. Faridi na mkewe walitenganishwa na hatua nne na pazia moja. Alikuwa mume wa mtu, na siku ya tatu ile alikuwa bado hajamwona mkewe usoni tangu ndoa ifungwe.

"Bwana harusi," nilimtania, "angalau unamsikia akikohoa."

"We endelea tu," alinijibu. "Nikitoka hapa nakuoza wewe."

Nami niliendelea, na kamera pia. Mtu aliyefungiwa ndani hubonyeza kitu chochote kilicho mkononi. Ila niliona jambo: kila nilipoinua kamera, Zuberi aligeuka. Alifunga kamba ya kiatu. Alitafuta kitu ambacho hakikupotea. Nikajiambia atasahau, wote husahau.

Jumapili saa sita mchana mwanajeshi akagonga lango. Magari yangeondoka saa saba na msafara. Anayetaka kwenda Gitega awe barabarani, maana haikujulikana msafara mwingine utapita lini. Nikatazama kidirisha. Thelathini na tano.

Sauti ya Swabra ikatoka nyuma ya pazia. "Kaka, Zuberi umempata?"

Nikazipitia kichwani moja baada ya moja. "Nimepata mgongo wake."

"Tena?"

"Na sikio. La kushoto."

Swabra akasema: "Mama hakuzaa sikio."

Wanawake wakaangua kicheko mle ndani, lakini yeye hakucheka. Picha ilikuwa imebaki moja. Niliyeapa kutompanga mtu nikatoka uani mbio, nikaanza kuwasukuma watu mabegani: wewe hapa, shangazi huku, bibi harusi pale, acheni nafasi ya Zuberi katikati. Walisimama kumi na mmoja. Nafasi ikabaki tupu.

Picha hiyo niliisafisha mwenyewe Gitega, nikatoa nakala mbili. Moja ilivuka Kobero chini ya kofia ya dereva wa lori, nikaambiwa Bi Mwajuma aliishika kutwa nzima, akaomba uji jioni. Ya pili ninayo. Watu kumi na wawili ukutani, wamekakamaa kama wanasubiri sindano, isipokuwa mwanamume wa katikati, anayecheka huku macho yamemlowa. Maharusi wanaokuja kwangu huniuliza nilimwambia nini hata akacheka vile. Mimi sikumwambia kitu.

Dakika ile, nafasi yake ikiwa bado tupu, Zuberi alikuwa amesimama kando ya choo, mikono usoni. "Mi sipigwi foto," alisema.

"Mwanangu, ni dakika moja," baba mdogo akambembeleza. "Gari linaondoka."

"Baba mdogo, foto iko na miguu. Ikikamatwa Kobero watasema niko na watu wangu ng'ambo, natuma sura. Watanirudisha kule. We hujui kule."

Kweli baba mdogo hakujua. Nje honi ikalia. Nami, mjinga hadi dakika ya mwisho, nikadakia: "Basi geuka kidogo, nitachukua upande mmoja."

"Upande gani? Sikio unalo tayari," alisema Faridi.

"Mniache," Zuberi akasema. "Nyinyi mnataka foto. Na wakiniua kweli?"

Swabra akatoka kwenye mstari na hina yake mikononi, akamsogelea hadi akamgusa kifua.

"Kwa mama ulishakufa mwaka juzi, Zuberi, tena tuliambiwa matanga yalifana. Simama pale ukutani ufufuke."