Fainali ya Mama na Mwana

Fundi alikwenda pale dukani kutengeneza jokofu la soda, hilo lieleweke kwanza. Maana baadaye watu walisema mengi: mara alijipanga, mara alikuwa na njaa ya jina, mara mwanamke wa umri ule na ovaroli lake la kazi alitaka kuwaonyesha vijana cha mtema kuni. Uongo mtupu. Jokofu la Mzee Pakiti lilikuwa linanguruma bila kupoza, mashindano yalikuwa siku hiyo hiyo, na vijana wakishaanza kubishana juu ya kadi makoo huwakauka. Akaitwa, akaja na mkoba wake wa vifaa, akachuchumaa nyuma ya jokofu. Basi.

Mzee Pakiti ndiye mwenye duka la kadi, na nyuma ya duka ana ukumbi wenye meza ndefu na jukwaa dogo. Kadi zenyewe ni za Ngome ya Radi, ile gemu ya video ambayo kila sehemu mpya ikitoka vijana wanasahau kula. Wenye gemu wakaona wasiishie kwenye televisheni tu, wakachapa na kadi: mashujaa, wachawi, majoka, kila mmoja na picha yake, na nguvu zake zimeandikwa chini. Unanunua pakiti iliyofungwa, hujui ndani mna nini, ukiifungua ama unaruka juu ama unanuna hadi jioni. Zikishatosha unapanga rundo lako na kumkabili mwenzako mezani. Kila mchezaji anaanza na pumzi kumi. Wanyama wako, yaani kadi zote za kupigana, wanashambulia pumzi za mwenzako, na anayeishiwa pumzi amekwisha. Ukitaka ujanja, unalaza kadi ya mtego kifudifudi na kumwacha mwenzako akune kichwa.

Gemu yenyewe Fundi hajawahi kuigusa. Kadi alifundishwa na Kitinda, binti yake wa mwisho, ambaye akitoka shule hupitia karakana na kuzitandaza juu ya friza bovu linalosubiri kompresa. Mwanzoni Fundi alikubali kucheza ili mtoto asizurure. Ikawa mtoto anasema, Mama, nina kazi ya shule, na mama anasema, tumalizie hii moja tu. Ugonjwa huo ulimwingia hivyo.

Majina marefu ya kwenye kadi yalimshinda, au tuseme hakuwa na muda nayo, akayabatiza upya. Joka kubwa la radi akaliita Shemeji, kwa sababu linakuja bila taarifa, linakula kila kilichopo, na likiondoka nyumba imebaki tupu. Mchawi wa kike mwenye jicho moja akamwita Wifi, kwa sababu akitua mezani hakuna kadi yako asiyoitia kasoro. Mumewe Fundi, ambaye ni mwoka mikate na ana dada wawili, hilo la pili halikumchekesha hata kidogo. Lakini majina yalishika. Siku hizi ukiingia pale ukumbini utamsikia kijana asiye na mke wala mchumba akitangaza kwamba anamleta Shemeji.

Na Fundi akikaa mezani, ndugu yangu, hana cha mwana wala cha mjomba. Hajawahi kumwachia Kitinda hata mchezo mmoja. Kuna wakati binti aliugua homa, akaomba mchezo mmoja wa kumchangamsha, mama yake akampiga mapigo ya haraka haraka kisha akamfunika blanketi. Mwoka mikate akamwambia mkewe ana roho ya jiwe. Fundi akajibu kwamba aliyeomba kucheza ni mgonjwa mwenyewe.

Sasa mashindano. Mshindi wa pale ndiye anayekwenda kwenye mashindano ya taifa, na nafasi ni moja, hakuna ya pili. Mwaka uliotangulia Kitinda alifika fainali akashindwa. Alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta, na kwa siku kadhaa ukimsemesha anakujibu kwa mabega. Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alipanga rundo lake, akalipangua, akalipanga tena. Fundi aliyaona yote hayo, na moyoni alikuwa ameshaapa kwamba mwaka huu binti yake akirudi bila ile nafasi, yeye mwenyewe ndiye atakayeangalia ukuta.

Basi mchezaji mmoja hakutokea. Bila yeye mtu mwingine alikosa wa kucheza naye, na orodha ikawa inapwaya. Mzee Pakiti akazungusha macho ukumbini, akaona miguu ya ovaroli imechomoza nyuma ya jokofu. Fundi alikataa. Alikuja kufanya kazi, alisema, na kazi haijaisha. Kitinda akafungua begi lake na kutoa rundo la pili, lile ambalo mama yake hulichezea karakanani, akamwambia akacheze raundi moja apoteze, arudi kwenye jokofu lake. Akampeleka kwanza kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kwa sababu kadi ikipata doa la mafuta mgongoni inajulikana hata ikiwa imefunikwa, na mwamuzi anakutoa nje bila mjadala.

Raundi ile moja Fundi hakupoteza. Alimpiga kijana wa kofia aliyemuuliza kama anajua kadi inashikwa upande gani. Kisha akampiga bwana mmoja mwenye kadi za kung'aa zilizomgharimu ndoa, kama wasemavyo watani wake. Baada ya hapo watu wakaanza kuvuta viti kuisogelea meza yake. Yeye kila akimaliza mchezo anarudi nyuma ya jokofu kukaza nati mbili tatu, mpaka anaitwa tena, ananawa tena. Kwenye meza ya upande wa pili Kitinda naye alikuwa anafyeka tu. Wala hawakuwa wakitazamana. Mzee Pakiti alipobandika majina ya fainali ukutani, ukumbi wote ulicheka, kisha watu wakakumbuka kwamba nafasi ni moja.

Lakini watu hawakuona ugumu uko wapi. Sheria inaruhusu: mchezaji anaweza kusema nimekubali, na mechi imeisha hapo hapo. Mama kwa mwanawe, nani atamlaumu? Mzee Pakiti alikuwa ameshaanza kumpa Kitinda pongezi. Na Fundi mwenyewe, tusifichane, ndivyo alivyokuwa amekata shauri. Alikwenda kwa mwamuzi, dada mmoja mpole mwenye miwani, na mdomo alikuwa ameshaufungua. Kitinda akamshika mkono wa ovaroli.

"Mama, kaa," akasema kwa sauti ya chini. "Ukiniachia, huko nitakwenda kama nani?"

Fundi akakaa.

Wakacheza, na walicheza kwa ukatili ambao familia peke yake ndiyo inaujua. Kila mmoja aliijua tabia ya mwenzake mezani. Kitinda alianza kwa kulaza kadi moja kifudifudi, akaiacha hapo, asiiguse wala kuiangalia. Fundi hakuijali. Alimjua binti yake: hupenda kulaza kadi isiyo na maana yoyote ili kumtia mtu wasiwasi, danganya toto. Pumzi zikashuka huku, zikashuka kule. Wifi akatua akatia kasoro kila kitu, akaondolewa. Waliosimama nyuma walikuwa wanahesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

Ikafika mahali Kitinda amebakiwa na pumzi mbili, na mezani hana mnyama hata mmoja. Alikuwa na ukuta tu, na ukuta ule huzuia askari wadogo kwa zamu moja kisha unabomoka. Fundi alikuwa na pumzi tatu na askari wadogo wawili waliokodoa macho mbele ya ukuta. Zamu ilikuwa yake. Akavuta kadi, akaitazama. Ilikuwa Shemeji.

Joka lile linaruka ukuta. Lingeshuka, lingezimaliza pumzi mbili za binti yake kwa pigo moja na nguvu zingebaki. Mkononi mwake kadi hakuna aliyeiona. Angeweza kuirudisha katikati ya nyingine, akakunja uso kana kwamba amevuta takataka, akasema zamu yako. Kitinda angepata zamu moja zaidi ya kuvuta kadi. Labda angevuta mnyama wa maana, labda angeponea hapo. Hakuna ambaye angejua, si mwamuzi, si Mzee Pakiti, wala mtoto mwenyewe. Nafasi ile moja ilikuwa kwenye vidole vyake vinavyonuka sabuni.

Na alitaka kuirudisha. Msimwone mwamba mkadhani hana moyo. Alimwangalia binti yake, akaona shingo ile nyembamba imekakamaa, akakumbuka zile siku za kujibiwa kwa mabega. Alimpenda mpaka akaona uchungu. Mama gani huyu, alijiuliza, anayemnyang'anya mwanawe kitu alichokililia mwaka mzima, tena kwa ajili ya nini, yeye aliyekuja kutengeneza jokofu?

Ila wako mafundi fulani, na Fundi aliwadharau kuliko wezi, ambao jokofu likiwashinda hutia mabarafu ndani kabla mteja hajaja. Mteja anafungua mlango, anapigwa na baridi usoni, anafurahi, analipa, anabeba jokofu lake. Akifika nyumbani, barafu ikayeyuka, ndipo anajua alichouziwa. Fundi alikuwa ameyafungua majokofu ya namna hiyo kwa mikono yake na kuwatazama wenyewe usoni. Akamfikiria Kitinda huko taifani, mbele ya watu wasiomjua, akiamini anapoza.

Akalishusha joka mezani.

"Shemeji," akasema, "anashambulia."

Ukumbi ukaguna. Kijana wa kofia alishika kichwa, na mtu mmoja nyuma akasema, ah, mama huyu. Mzee Pakiti akageukia pembeni kwa haya, kana kwamba amemwona mtu akimkana mwanawe hadharani.

Kitinda akanyoosha mkono, akaigeuza ile kadi aliyoilaza tangu mwanzo. Ilikuwa Kioo. Kioo hakirudishi mapigo ya askari wadogo, ni mapigo ya joka peke yake ndiyo kinayarudisha, kwa aliyelituma. Pigo lote la Shemeji likarudi kwa Fundi mwenyewe, na pumzi zake tatu hazikuweza hata kulionja. Mwamuzi akainama, akasoma kadi mara mbili, akamwinulia Kitinda mkono.

Kelele zilizopigwa hapo si za kusimulia. Watu walipanda viti. Fundi alibaki ameketi akiitazama ile kadi, huku kichwani anayarudia yote tangu mwanzo. Kisha akamwomba binti yake amwonyeshe zilizobaki kwenye rundo lake, zile ambazo angezivuta. Kitinda akazigeuza. Zilikuwa chache, na zote za wakulima na wachunga mbuzi, kadi za kujazia. Hapakuwa na moja ya kumwokoa. Zamu ambayo ingefuata ukuta ungebomoka, na wale askari wawili wangeingia na kumaliza kazi.

Fundi akazihesabu tena, moja moja. Ile huruma aliyotaka kumpa mwanawe ndiyo ingemuua.

"Na kama nisingemtoa?" akauliza.

Kitinda alikuwa anazikusanya kadi, akacheka kidogo kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Usingemtoa, wewe? Kioo nimekitega kwa sababu ni wewe, Mama. Angekuwa mwingine ningeogopa ataniona mtoto wa kike, anihurumie, anikalie na joka lake mkononi. Wewe nilijua utakuja nalo."

Akainuka kwenda kupigwa picha. Alitembea kwa mabega yaliyonyooka, na vijana wakampisha njia. Fundi alimfuata kwa macho mpaka jukwaani, na kifua kikamjaa hata akaona ovaroli linambana. Nani alimwoka mtoto huyu? Siyo yule mwoka mikate peke yake, hilo alikuwa na hakika nalo. Binti amejenga fainali nzima juu ya uaminifu wa adui yake, akaketi juu yake bila kutikisika, na adui mwenyewe ni mama yake. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kadi.

Mzee Pakiti akaja na soda, ya vuguvugu, maana jokofu lilikuwa bado. Alikuwa na uso wa msibani. Akampapasa bega, akampa pole, akamwambia asijali, asiyekubali kushindwa si mshindani. Fundi alimtazama kama mtu aliyepotea njia, akaipokea soda, akachukua simu na kumpigia mumewe. Mwoka mikate akapokea kwa wasiwasi na kuuliza jokofu la watu limepona.

"Achana na jokofu," Fundi akasema, na akasema kwa sauti ambayo hata jukwaani ilifika. "Nimepigwa, Baba Kitinda. Nimepigwa mbele za watu, nimepigwa na binti yako hadi sina pa kushika. Zima tanuri uje umwone."